Sindano pacha na mkono huru: kupinda mkono wa fulana kwa mistari miwili

Chukua fulana yoyote ya dukani, ugeuze mkono wake na kutazama upindo. Nje kuna mistari miwili iliyonyooka, sambamba kama reli. Ndani kuna uzi unaokwenda huku na huko kati ya mistari hiyo, ukiufunika ukingo wa kitambaa. Kiwandani kazi hiyo ina mashine yake. Wewe mwenye cherehani moja tu mezani unaweza kuikaribia sana kwa vitu viwili ambavyo pengine unavyo tayari au vinakosekana kwa sindano moja tu: sindano pacha, na ule mkono mwembamba wa cherehani unaojitokeza ukiondoa kisanduku cha vifaa. Mkono huo nitauita mkono huru.

Kwa kawaida vitu hivi hufundishwa kila kimoja peke yake. Mimi naviona ni ndugu. Sindano pacha inataka ushone ukiwa unatazama upande wa nje wa nguo, kwa sababu mistari mizuri iko juu na fujo yote iko chini. Mkono huru nao ndio unaoishika nguo ya mviringo, kama mkono wa fulana au mguu wa suruali, upande wa nje ukiwa juu bila kukunja wala kupindua chochote. Ukivielewa pamoja, kazi iliyokuwa ya kubahatisha inakuwa ya kawaida.

Je, cherehani yako inakubali?

Sindano pacha ni sindano mbili zilizoungwa kwenye shina moja, kwa hiyo inaingia palepale inapoingia sindano ya kawaida. Lakini si kila cherehani itaishona. Tazama jinsi unavyotunga uzi. Kama uzi unapita tundu la sindano kutoka mbele kwenda nyuma, endelea. Kama unatungwa kutoka pembeni, kama zilivyo cherehani nyingi za zamani za mshono ulionyooka, hapo hapana. Sindano zitakaa moja mbele ya nyingine badala ya kukaa ubavu kwa ubavu.

Kisha tazama kibati chenye tundu la sindano. Tundu lazima liwe refu kwa upana, lile la kushonea zigizaga. Kibati chenye kitundu kidogo cha duara kinaruhusu sindano moja tu, na ukishusha pacha hapo, moja itagonga chuma. Hivyo hivyo mguu wa cherehani: tumia ule wa zigizaga wenye uwazi mpana.

Mkono huru hauna fumbo. Shika kile kisanduku au kipande cha meza kilicho kushoto na ukivute kuelekea kushoto. Kikitoka na kuacha mkono mwembamba wenye nafasi chini yake, unao. Pima mzunguko wake kwa futi ya kupimia na uuandike mahali. Namba hiyo itakusaidia baadaye, hasa kwenye nguo za watoto.

Kusoma namba za sindano

Kwenye pakiti utaona namba mbili, mathalani 4.0/90. Ya kwanza ni umbali kati ya sindano na sindano, kwa milimita. Ya pili ni unene wa sindano yenyewe. 90 maana yake shina lina kipenyo cha milimita 0.9. Umbali huanzia milimita 1.6 na kupanda hadi 2, 2.5, 3, 4, 6, hata 8. Ile ya 6 au 8 usiinunue kabla ya kupima upana wa tundu la kibati chako.

Kwa fulana na vitambaa vingine vinavyovutika, tafuta pakiti iliyoandikwa kwamba ni ya vitambaa hivyo, huwa 2.5/75 au 4.0/75. Ncha na tundu lake vimetengenezwa kwa ajili ya kitambaa kinachorudi nyuma kama lastiki. Sindano pacha ya kawaida itashona fulana, lakini itaruka mishono, na utaanza kuilaumu cherehani isiyo na kosa. Kwa jinzi ipo yake nene, 4.0/100.

Kwa pindo za fulana mimi hutumia 4.0. Mistari inaonekana vizuri, na ukingo wa ndani una nafasi ya kuangukia katikati. Ile ya 2.5 ninaiachia shingo na nguo za watoto.

Kutunga nyuzi

Utahitaji rili mbili za uzi juu na bobini moja, kile kijirili cha uzi wa chini. Ndiyo, moja tu. Uzi wa bobini ndio unaokwenda kushoto na kulia kuzikamata nyuzi zote mbili za juu, na ndiyo maana upande wa chini unatokea zigizaga. Zigizaga hiyo ndiyo inayoupa upindo uwezo wa kuvutika.

Kama cherehani ina kijiti kimoja cha uzi, usikate tamaa. Jaza bobini ya pili kwa uzi uleule na uitumie kama rili ya juu, au weka rili ya pili ndani ya kikombe nyuma ya cherehani. Kama kuna vijiti viwili vya kusimama, panga rili moja ifunguke kwa mbele na nyingine kwa nyuma, ili nyuzi zisisokotane njiani.

Inua mguu wa cherehani kabla ya kutunga. Mguu ukiwa chini, sahani za kukaza uzi zimebana na uzi hauingii sawasawa. Pitisha nyuzi zote mbili njia ya kawaida. Kwenye sahani za kukaza, angalia kama kuna kibati katikati kinachozigawa. Kama kipo, uzi mmoja upite kushoto kwake na mwingine kulia. Kama hakipo, zipite pamoja.

Sasa tazama kile kishikio kidogo cha waya kilicho juu kabisa ya sindano. Pitisha uzi mmoja tu hapo, mwingine uuache nje. Kwa kujitenga hatua hiyo ya mwisho, nyuzi haziruki kwenda kwa mwenzake. Tunga uzi wa kushoto sindano ya kushoto na wa kulia ya kulia, kwa mkono. Kifaa cha cherehani kinachotunga uzi chenyewe usikiguse. Kimetengenezwa kwa sindano moja iliyo katikati, na ndoano yake ni laini kupita kiasi.

Kabla hujakanyaga

Hapa nakuomba usiharakishe. Sindano pacha yangu ya kwanza haikumaliza dakika moja. Siku iliyotangulia nilikuwa nimefunga kingo kwa zigizaga, nikasahau kurudisha mshono ulionyooka. Nilikanyaga, sindano zikaenda kulia, ikasikika "tak!", na kipande cha chuma kikapita karibu na shavu langu. Tangu siku hiyo nina mazoea: mshono ulionyooka, sindano katikati, kisha nazungusha gurudumu kwa mkono mizunguko miwili kamili, nikiwa nimeinama kuona sindano zote mbili zinashuka na kupanda bila kugusa kitu. Ndipo mguu wangu unaenda kwenye kanyagio.

Ukitaka kushona zigizaga kwa sindano pacha, inawezekana, ila fanya hesabu. Chukua upana mkubwa wa zigizaga wa cherehani yako, toa umbali wa sindano, halafu baki chini ya jibu hilo. Cherehani ya milimita 5 na sindano ya 2.5 inakuachia 2.5, nami nisingevuka 2. Baadhi ya cherehani za kielektroniki zina kitufe chenye alama ya sindano mbili kinachozuia upana wenyewe. Kama yako inacho, kibonyeze.

Weka urefu wa mshono kati ya milimita 3 na 3.5 kwa fulana. Mshono mfupi kwenye kitambaa cha kuvutika hukiachia mawimbi na hukatika ukiuvuta. Kama cherehani ina kirekebisho cha mkandamizo wa mguu, ulegeze kidogo.

Tuta kati ya mistari

Shona kipande cha majaribio cha kitambaa kilekile, kikiwa kimekunjwa kuwa tabaka mbili kama upindo wenyewe. Si kitambaa kinachofanana nacho. Kilekile, na kiwe kinavutika upande uleule. Uwezekano ni mkubwa kwamba katikati ya mistari miwili kitambaa kitakuwa kimeinuka kama tuta la viazi.

Tuta linatokea kwa sababu uzi wa chini umekaza na unazivuta nyuzi mbili za juu zikaribiane. Anza na dawa nyepesi. Punguza mkazo wa juu namba moja, jaribu tena; punguza nyingine. Ongeza urefu wa mshono kidogo. Mara nyingi inatosha.

Ikishindikana, nenda kwenye bobini. Kwenye nyumba ya bobini kuna skrubu ndogo inayokaza kile kibati kinachobana uzi. Kabla ya kuigusa, chora alama kwa kalamu kuonyesha mwelekeo wa mfereji wake, ili ujue njia ya kurudi nyumbani. Legeza robo ya mzunguko, usizidishe. Kama nyumba ya bobini ni ile inayotolewa kwenye cherehani, kuna kipimo ninachokiamini: ining'inize kwa uzi wake. Ikianguka hadi chini, imelegea mno. Ikikataa kabisa kusogea hata ukiitikisa, imekaza. Unachotaka ni ining'inie, na ukiitikisa kidogo ishuke kiasi cha kidole na kusimama.

Dawa nyingine ni kujaza bobini kwa uzi wa nailoni laini unaofura, ule unaotumika kwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo. Ujaze kwa mkono bila kuuvuta. Ukiujaza kwa mashine unanyooka wote na faida yake inaisha.

Kuna mafundi wanaolipenda tuta, na wana haki. Kwenye kitambaa chepesi kama pamba nyembamba, kaza mkazo wa juu, tumia sindano ya 2.0 na mguu wenye mifereji kwa chini, nawe utapata vikunjo vyembamba vya mapambo kifuani mwa blauzi, kimoja kando ya kingine, kila kilichoshonwa kikikaa ndani ya mfereji wa jirani. Lakini hiyo ni kazi ya siku nyingine.

Kuandaa upindo

Tatizo kubwa la sindano pacha si cherehani, ni macho. Unashona ukitazama nje, ilhali ukingo unaotaka kuukamata uko ndani na huuoni. Kwa hiyo maandalizi ndiyo yanayokushonea.

Nafanya hivi. Nakata upindo wa sentimita 3 ingawa nitashonea juu ya sentimita 2.4. Nakunja kwenda ndani, napiga pasi kwa kushusha na kuinua, bila kuiburuta, maana kitambaa cha kuvutika kikiburutwa kinatanuka. Halafu nashikiza kwa bandi ya uzi wa rangi nyingine, mishono mirefu ya mkono, karibu na ukingo wa ndani. Pini zinafaa pia, lakini kwenye mkono huru zinakwaruza na kunasa.

Kisha napima sentimita 2.4 kuelekea kulia kutoka katikati ya sindano mbili, nabandika kipande cha utepe wa gundi hapo juu ya cherehani. Mkunjo wa nguo utafuata utepe huo. Kwa sindano ya 4.0, mstari wa kulia utakaa milimita 22 kutoka kwenye mkunjo na wa kushoto milimita 26. Ukingo uko kwenye milimita 30, kwa hiyo mistari yote miwili itaukamata, na milimita 4 zitabaki nje. Hizo nitazikata mwishoni kwa mkasi mdogo. Wapo wanaolenga ukingo uangukie katikati kabisa ya mistari bila kukata chochote. Inapendeza ikifanikiwa, ila ukikosea milimita mbili, sindano moja inashona hewa kwa ndani na upindo unaanza kufunguka siku ya kufuliwa. Mimi nachagua mkasi.

Kuvalisha mkono

Ondoa kisanduku. Nguo iwe upande wake wa nje, kama unavyoivaa. Inua sindano hadi juu kabisa na mguu pia, kisha uvalishe mkono wa fulana kwenye mkono wa cherehani kama unavyovaa soksi, upindo ukitangulia kuelekea kulia. Mwili wote wa fulana utabaki kushoto. Mkunjo uguse utepe wako.

Sasa pitisha vidole chini ya mkono wa cherehani. Unahisi kitambaa kinazunguka kwa uhuru? Vizuri. Chini ya mguu pawe na tabaka la nguo na upindo wake tu. Kosa la kawaida hapa, na nimelifanya mimi mwenyewe kwenye mguu wa suruali, ni kushona tabaka la juu pamoja na la chini na kuufunga mlango kabisa. Kufumua mistari miwili yenye zigizaga chini ni adhabu ya jioni nzima.

Anzia karibu na mshono wa kwapa, si juu yake, hatua ya sentimita moja au mbili kando. Hapo mwanzo na mwisho havitaonekana. Vuta mikia ya nyuzi zote tatu nyuma ya mguu, uishike kidogo mishono mitatu ya kwanza, na usishone kurudi nyuma. Pacha ikirudi hukosa matundu yake na kuacha fundo.

Kanyaga taratibu. Mkono wa kushoto unakizungusha kitambaa kuuzunguka mkono wa cherehani, wa kulia unaulinda mkunjo usiuache utepe. Usivute mbele wala nyuma. Meno ya cherehani ndiyo yanayokisogeza. Fulana ikiwa nzito, uzito wake utaning'inia kushoto na kuivuta mistari ipinde, kwa hiyo iwekee mapaja yako au kiti kando, ipumzike hapo.

Ukifika kwenye mshono wa kwapa, ambapo tabaka zimerundikana, simama. Mguu utajaribu kupanda kilima na mishono itasongamana. Kunja kipande cha kitambaa hadi kifikie unene wa kilima hicho, ukiweke chini ya sehemu ya nyuma ya mguu ili ulale sawa, halafu uvuke kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Sindano mbili nyembamba zina nguvu pungufu kuliko moja. Zikipinda mlimani, zinavunjika.

Mzunguko ukikamilika, pita juu ya mishono ya mwanzo sentimita moja na nusu, kila sindano kwenye mstari wake. Inua sindano, toa nguo, ukiacha mikia mirefu. Vuta uzi wa chini kwa ndani. Vitanzi vya nyuzi za juu vitachungulia, vikamate kwa sindano ya mkono, funga zote na ukate. Toa bandi. Kata ile ziada ya ukingo karibu na zigizaga, mkasi ukiwa umelala bapa.

Mkono mdogo kuliko cherehani

Hapa ndipo ile namba ya mzunguko inahitajika. Mkono wa nguo ya mtoto ukiwa mdogo kuliko mkono huru, usiulazimishe. Utatanuka na kubaki hivyo. Njia rahisi ni kupinda kabla ya kuunga mshono wa kwapa, kitambaa kikiwa bado bapa.

Kama nguo imeshaungwa, geuza mkono ndani nje. Usiuvalishe popote. Uweke mbele ya sindano mdomo ukiwa juu, kama kikombe, na ushone ndani ya kikombe hicho, mguu ukiwa ndani na meno yakigusa nje. Kwa kuwa umegeuza, upande wa ndani ya kikombe ndio upande mzuri wa nguo, na sindano pacha bado inashona kutoka upande inaoutaka. Ni mishono mitano mitano, kusimama, kupanga upya, kuendelea.

Mpasuo wa pembeni wenye kona nao una ujanja wake. Huwezi kuzamisha sindano mbili na kugeuza nguo, zitapinda. Zipandishe hadi ncha ziguse kitambaa tu, inua mguu, geuza nusu ya kona, shona mshono mmoja kwa gurudumu, pandisha tena, malizia kugeuza.

Ikigoma

Mishono ikirukwa kwenye mstari mmoja tu, kwanza tunga upya huo uzi, kisha badilisha sindano. Sindano yoyote huanza kuchoka baada ya saa nane hivi za kushona, na pacha haionyeshi dalili hadi iharibu kazi.

Uzi ukikatika unapouvuta upindo uliokamilika, mkazo wa juu umezidi au mshono ni mfupi mno. Angalia pia uzi wenyewe. Poliesta ina uvumilivu kuliko pamba kwenye kitambaa cha kuvutika.

Upindo ukitoka na mawimbi, usikimbilie kufumua. Shikilia pasi ya mvuke sentimita chache juu yake bila kuigusa, acha mvuke uingie, upapase kwa kiganja na uuache upoe palepale. Mawimbi mengi hulala.

Ukimaliza, toa sindano pacha hapo hapo, uirudishe kwenye pakiti yake na uweke ya kawaida kabla hujafunika cherehani. Atakayeikalia kesho, hata kama ni wewe, huenda akaanza na zigizaga.